Raspberry Pi 5 kama kompyuta ya ofisini

Ndugu uliyeuliza kama Raspberry Pi 5, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha kwa kazi za ofisini: inatosha, ila chukua yenye RAM ya GB 8. Kuandika, mahesabu, intaneti, hata skrini mbili za 4K inabeba. Mfumo endeshi usiuweke kwenye memori kadi; kasi yake ni ndogo, na umeme ukikatika ghafla faili huweza kuharibika. Funga SSD (diski ya kasi), utaona tofauti papo hapo. Chaja ya simu usiitegemee, maana Pi 5 inataka volti 5 na ampea 5. Feni pia nunua, maana Pi 5 inachemka. Lakini kama mhasibu wenu anatumia programu ya Windows, achana na Pi 5 kabisa. Humo ni Linux (mfumo endeshi mwingine, si Windows) na LibreOffice (programu za ofisi za bure). Badala yake tafuta kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, hiyo inaendesha Windows.