Unaanza kukusanya na kushea picha za sanaa na viumbe? Anza na jina la mwenye kazi

Wadogo zangu mnaoniuliza inboksi mnaanzaje pegi ya michoro na picha za wanyama, ndege, maua, nawajibu wote kwa pamoja. Kubwa kuliko yote kwangu ni hili, jina la aliyeitengeneza picha liandikwe siku ileile unayoisevu, sio baadae, maana baadae galari ina mamia ya picha zote zinaitwa IMG na hujui hata moja imetoka wapi.

Chukua ule mchoro wa buibui mkubwa kwenye tawi la mpera anamla ndege mdogo aliyelala chali, na sisimizi wameshikana wakatengeneza daraja. Unazunguka sana mtandaoni bila jina, watu wanausukuma tu kama picha ya kutisha. Umechorwa na Maria Sibylla Merian, mama wa Kijerumani aliyesafiri na binti yake mpaka Suriname, Amerika Kusini, mwaka 1699 akiwa na miaka 52, akakaa huko karibu miaka miwili anafuatilia viwavi wanavyogeuka vipepeo, ugonjwa ndo ukamrudisha Amsterdam, kazi yake ikachapwa 1705. Ukiandika hayo chini ya picha mtu anasimama anaangalia tena kwa makini, halafu anaenda kutafuta kazi zake nyingine. Mimi faili kama hilo nalipa jina merian-1705-buibui-mpera, basi, hata likihamia simu nyingine linajieleza lenyewe.

Pinterest ni nzuri kwa kugundua vitu ila sio chanzo. Ukipenda kitu pitisha kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha ilikotoka, ufike kwa mwenyewe. Picha za zamani nenda moja kwa moja kwenye tovuti za maktaba na makumbusho kama Biodiversity Heritage Library, Rijksmuseum, The Met (walifungua picha zao zitumike bure Februari 2017) au Smithsonian waliofungua zao 2020, unadaunlodi kubwa na safi bila kulipa. Kwenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa mwenye kazi anayoitoa ya kutumia picha yake, angalia herufi tu: CC0 haina sharti, BY lazima utaje jina, NC usifanyie biashara, ND usiibadilishe.

Kwa walio hai mambo ni tofauti kabisa. Jamani ile "krediti kwa mwenye picha" haimsaidii mtu yeyote, mwenye picha ana jina! Mtumie ujumbe kabla hujaposti, mfupi tu: "Habari kaka, naomba kuweka picha yako ya flamingo wa Ziwa Natron kwenye pegi yangu, nitaandika jina lako na linki ya akaunti yako." Akikataa, achana nayo. Na mafundi wetu wa michoro ya Tingatinga wanasaini kwenye kona, ukikata picha ili itoshe kwenye Instagram saini ndo inakuwa ya kwanza kuondoka, inaniuma sana kuona hivyo kwa sababu yule fundi anaishi kwa kuuza hizo picha na mteja atampataje sasa?

Kingine, picha za akili mnemba. Mfano mzuri ni kifaranga cha tausi, zile picha za katoto ka bluu kenye kimkia kimechanua ni za uongo, kifaranga halisi ni cha rangi ya kahawia na ukimwona haraka utadhani ni wa kuku. Kiumbe kikipendeza kupita kiasi, kitafute kwanza kwenye vyanzo vya ndege au wanyama, na ukishindwa kumpata mpiga picha usiposti.

Ukianza kupiga mwenyewe mbugani, zima lokesheni kwenye kamera ya simu. Faru hapigwi picha akawekewa mahali alipo, majangili nao wana bando, na viota vya ndege ni hivyohivyo, andika jina la hifadhi tu inatosha. Kumbuka pia ukituma picha WhatsApp kawaida inaminywa ubora, wengi wanaituma kama dokumenti ibaki safi, sawa, ila hapo taarifa za mahali ilipopigwa zinaweza kwenda nayo, kwa hiyo zifute kwanza. Na folda nzima weka kopi kwenye hard disk, simu zinaibiwa.