Jenereta mbili kwenye bodi moja: taa zilizima, nikadhani kazi imekwisha

Mkuu, umesema una jenereta za dizeli, 60 kVA na 45 kVA, chumba cha baridi cha samaki hapo Lindi kinazizidi moja moja, na fundi anataka kuzifunga nyaya kwenye breka moja. Mzuie kwanza. Nilisimamia kazi kama hiyo huku Mtwara kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho, mashine mbili za 100 kVA, moja ya mtumba, na nilijifunza kwa hela ya tajiri.

Kuziingiza pamoja si kugumu sana. Volti zilingane, Hz (idadi ya mawimbi kwa sekunde) zilingane, mpangilio wa fezi uwe mmoja, halafu ungoje mawimbi yakutane ndipo ufunge breka, yaani uiwashe mashine ziungane. Bodi ya sinkro, ile inayolinganisha mashine na kuziunganisha, ilikuwa haijafika, tukatumia taa: kila fezi, taa kati ya upande huu wa breka na ule. Zikiwaka na kufifia zote kwa pamoja, polepole, unafunga katikati ya giza. Zikiwaka kwa kupokezana, fezi zimepishana. Zima mashine, pishanisha waya mbili za fezi za mashine moja. Balbu ziwe zile za zamani za waya, si LED, na uweke mbili kwa mfululizo, kwa sababu mawimbi yakipingana kabisa hapo katikati pana volti 460.

Tukafunga. Hakuna kishindo. Watu wakapeana mikono. Mimi nikatupia jicho amita: kiwanda kizima kimezimwa, hata feni ya ofisini haizunguki, na kila mashine inasoma amperi 60, zinapanda. Hazikuwa zinakwenda kokote, zilikuwa zinazunguka baina ya mashine na mashine.

Kumbe ile CT ndogo (kipimia mkondo kwenye waya) inayoiambia AVR (kidhibiti volti cha jenereta) ishushe volti kidogo mkondo unapozidi, kwenye ile ya mtumba ilikuwa imefungwa kinyume. Badala ya kushusha, inapandisha. Ipime mapema: washa mashine moja peke yake, ibebeshe mota (hita haitakuonyesha kitu), volti zishuke kidogo. Zikipanda, geuza nyaya mbili za CT. Sisi tulihangaika siku mbili kwa nyaya mbili hizo.

Upande wa injini ni gavana, kidhibiti kasi chake. Zote ziwe na mteremko mmoja, yaani Hz zishuke kwa kiasi kilekile mzigo unapopanda, mfano asilimia 4: tupu 52 Hz, mzigo kamili 50. Hapo mzigo wa 70 kVA utagawanyika 40 kwa ile kubwa na 30 kwa ndogo. Bila hivyo moja inabeba, na nyingine inaweza kugeuzwa mota, injini inasukumwa na mwenzake. Rilei ya kuzuia umeme kurudi nyuma usiiache hata wakikwambia ni ghali. Na chenjiova ya gridi (swichi ya kuhama kati ya umeme wa gridi na wa jenereta) ikae baada ya bodi, moja kwa zote mbili.

Sasa, kabla hujalipia bodi, mwambie fundi afungue kifuniko cha AVR za zote mbili. Kama moja haina pa kufungia CT, mimi ningeachana na habari ya kuunganisha: kompresa zote kwenye ile ya 60 kama inaweza kuziwasha moja baada ya nyingine, na feni, taa na mashine ya barafu kwenye 45.