Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa Mdogo Anaburuta Miguu ya Nyuma

SWALI: Daktari, salamu kutoka Arua. Mbwa wetu mdogo wa miezi mitatu anaburuta miguu ya nyuma tangu juzi. Mkia umelegea, na ukimgusa mgongoni analia sana. Hushinda kwenye migomba akitafuna konokono. Jirani anasema minyoo imempanda kichwani, nimpe vidonge vya minyoo mara mbili ya kawaida. Nimpe? – Mama Zubeda

JIBU: Mama Zubeda, pole sana. Vidonge hivyo usimpe.

Jirani hakuwaza vibaya. Yuko mnyoo wa panya ambao madaktari wa Australia, hasa Sydney na Brisbane, wameuona ukiwaletea watoto wa mbwa dalili kama hizi hizi. Mnyoo mkubwa hukaa kwenye mishipa ya mapafu ya panya. Vijinyoo vichanga hutoka na mavi ya panya, huingia kwa konokono, na mbwa akimla konokono, vijinyoo hivyo husafiri hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo wake. Maumivu na kupooza hutokea huko. Sasa ukiiua minyoo hiyo kwa mkupuo ikiwa humo ndani, uvimbe huzidi na mbwa anaweza kuwa hoi kuliko mwanzo. Ndiyo maana daktari hutanguliza dawa ya kupunguza uvimbe, kama prednisoloni, na akiwa na vifaa hupima maji ya uti wa mgongo.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Hapa Uganda kipo, nacho kinaweza kuanza kwa kupooza tu, bila ukali wowote. Mfungie peke yake. Watoto wasimbebe wala kumtia dawa mdomoni. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu. Naomba hili usilicheleweshe hata kidogo.

Distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi, nayo hugusa ubongo, hivyo mwite daktari wa mifugo leo. Mweleze habari za konokono hata asipouliza, umwambie kama mbwa amewahi kuchanjwa, na kama anakojoa. Mbwa aliyelegea mkia mara nyingi hushindwa kukojoa, na kibofu kikijaa huhitaji kusaidiwa siku hiyo hiyo.