Kuhamishia mauzo ya programu ya kuchora kwenye maduka ya programu: shughulikia brashi na leseni kwanza

Mkuu, kwa wanaofika sasa: swali ni la mwenye programu ya kuchora na kupaka rangi ya Windows na Mac. Anaiuza dola 40 kwenye tovuti yake kwa namba ya leseni, na anataka mauzo yote yahamie Mac App Store, Microsoft Store na Steam. Majibu mengi hapo juu yamezungumzia kamisheni. Hiyo ni hesabu ya dakika tano. Kazi yenyewe iko kwenye faili za wateja na haki za waliokwisha kulipa, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hesabu tuimalize upesi. Apple hukata 30%. Ukijiunga na Small Business Program, iliyoanza 2021 kwa wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka, unakatwa 15%. Hawakuingizi wenyewe, lazima uombe. Usajili ni dola 99 kila mwaka. Microsoft hukata 15% kwa programu zisizo michezo. Steam hukata 30% na hutoza dola 100 kwa kila programu, fedha inayorudi mauzo yakifika dola 1,000. Kwa bei yako ya dola 40, Apple ya 15% inakuachia 34 na Steam inakuachia 28. Kwenye tovuti yako, ukitumia wakala wa malipo kama Paddle anayekata 5% na senti 50, unabaki na 37.50.

Halafu kuna kodi, na hapa wengi huteleza mara mbili. Kwanza, bei inayoonekana Ulaya ina VAT ndani yake. Mjerumani akilipa yuro 39.99, ondoa VAT ya 19% zibaki 33.61, kisha Apple ichukue 15% yake: unapata takriban 28.56. Pili, ukijaza fomu ya W-8BEN (fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu wa nje) ukiwa mkazi wa Tanzania, Kenya au Uganda, nchi hizi hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Steam itazuia 30% ya fungu lako linalotokana na wanunuzi wa Marekani, kwa hiyo ile 28 inakuwa 19.60. Ingiza hilo kwenye bei kabla hujaitangaza. Faida ya maduka ni kwamba yanakusanya na kulipa VAT kwa niaba yako. Ukiuza mwenyewe kwa mteja wa kawaida ndani ya Umoja wa Ulaya ukiwa nje yake, unadaiwa VAT tangu yuro ya kwanza.

Sasa faili. Tangu Juni 2012 kila programu inayoingia Mac App Store lazima iendeshwe ndani ya sandboksi, yaani uzio: haigusi faili yoyote ambayo mtumiaji hakuichagua mwenyewe. Programu ya kuchora huumia hapa kuliko programu nyingine, maana imezoea kuokota brashi, paleti na maumbo kutoka folda mbalimbali.

Hitilafu ya kwanza utakayoletewa ni hii. Mtu anafungua picha iliyo Desktop, anachora, anahifadhi, anafunga programu. Kesho anabofya jina la picha ileile kwenye orodha ya faili za karibuni, anaambiwa hana ruhusa. Sababu: ruhusa aliyoitoa kwa kuchagua faili kwenye kidirisha hufa programu inapofungwa. Ukitumia NSDocument, darasa la Apple la kushughulikia hati, mfumo unakutunzia ruhusa hiyo. Ukiwa na orodha yako mwenyewe, hifadhi security-scoped bookmark (alama inayobeba ruhusa) ya kila faili badala ya njia yake (path), na kabla ya kuifungua uite startAccessingSecurityScopedResource. Ukimaliza, ita ile ya kusimamisha. Ukisahau kusimamisha, rasilimali za kerneli zinavuja, na baada ya kufungua faili nyingi programu inanyimwa hata faili halali mpaka iwashwe upya. Kosa hili halionekani kwenye majaribio ya dakika kumi. Fungua na kufunga picha mia kadhaa kwa skripti ndipo utaliona.

Hitilafu ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inagusa kuhifadhi. Programu nyingi zilizojengwa kwa Qt, maktaba ya kutengenezea programu, huhifadhi kwa QSaveFile: inaandika faili ya muda pembeni ya faili halisi, kisha inaibadilisha jina. Nje ya sandboksi huo ni utaratibu mzuri, kwani umeme ukikatika picha ya zamani inabaki salama. Ndani ya sandboksi una ruhusa ya picha.psd peke yake, si ya kuunda jirani yake, hivyo kuhifadhi kunakataa. Mtandaoni utashauriwa uwashe setDirectWriteFallback. Inafanya kazi, lakini sasa unaandika moja kwa moja juu ya kazi ya mteja, na programu ikianguka katikati ya faili ya megabaiti 600, picha imekwenda. Usikubali. Omba folda ya muda kwa URLForDirectory ukitumia NSItemReplacementDirectory, andika faili nzima humo, kisha ibadilishe kwa replaceItemAtURL. Ni mistari michache ya msimbo inayolinda kazi ya mtu ya wiki tatu.

Brashi nazo zina mtego wao. Toleo la dukani likitumia kitambulisho (bundle ID) kilekile cha toleo la tovuti, unaweza kuweka container-migration.plist ndani ya programu, na mara ya kwanza inapowashwa folda za zamani zitaingizwa kwenye uzio, yaani ~/Library/Containers. Neno muhimu: zinahamishwa, hazinakiliwi. Mteja aliyeweka matoleo yote mawili ili ayalinganishe atafungua lile la tovuti na kukuta brashi hazipo. Njia ya amani ni kutumia kitambulisho tofauti, kisha kumwonyesha mteja kidirisha siku ya kwanza: “Chagua folda yako ya brashi za zamani tuzinakili.” Anabofya mara moja, folda ya zamani haiguswi.

Vilevile, kama una soko la programu-jalizi, jua kwamba Apple hairuhusu kupakua msimbo unaobadilisha uwezo wa programu. Brashi ni data, hazina tatizo. Skripti za Python zinazopakuliwa zitafanya programu yako ikataliwe.

Upande wa Windows kuna milango miwili. Wa kwanza ni kupeleka faili yako ya usakinishaji (EXE au MSI) kama ilivyo. Unatakiwa usakinishaji usiouliza maswali, cheti cha kusaini msimbo, na kiungo chenye namba ya toleo ambacho faili yake haibadilishwi baada ya kuwasilishwa. Lakini kwa mlango huo malipo yanabaki kuwa shughuli yako, kwa hiyo hujahamisha mauzo, umepata tangazo tu. Wa pili ni MSIX, muundo wa kifurushi wa Microsoft: Microsoft inasaini yenyewe, inauza, na inakupa kipindi cha majaribio bila wewe kuandika mfumo wake.

Tatizo la MSIX ni AppData, folda ya Windows ya data za programu. Ukiandika folda mpya kwenye AppData\Roaming, Windows inaipeleka kimyakimya chini ya AppData\Local\Packages, ndani ya LocalCache\Roaming ya kifurushi chako. Mteja anayefuata maelekezo yako ya zamani ya kuweka brashi kwenye %APPDATA% haoni kitu. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba akiondoa programu ili aisakinishe upya, jambo ambalo kila fundi humshauri, folda hiyo inafutwa pamoja na kila brashi aliyoitengeneza. Weka brashi za mtumiaji ndani ya Documents, tena uulize mfumo folda hiyo iko wapi kwa SHGetKnownFolderPath, maana OneDrive mara nyingi imeihamisha. Ongeza kitufe cha kufungua folda ya brashi moja kwa moja. Maswali ya msaada yatapungua sana.

Kwenye Steam hakuna uzio, ila usiache brashi ndani ya folda ya usakinishaji. Mteja akibofya kuthibitisha uzima wa faili, Steam inarudisha za kiwandani, na brashi ya asili aliyoirekebisha kwa mkono wake inapotea. Jingine: Shift+Tab hufungua dirisha la Steam juu ya programu, na programu nyingi za kuchora hutumia Tab na jirani zake kuficha paneli. Zima dirisha hilo, au badilisha njia yako ya mkato.

Tuje kwa wateja wa zamani, waliokulipa kabla maduka hayajajua jina lako. Mfano unaofaa kusomwa ni Pixelmator, programu ya kuhariri picha ya Mac. Januari 2011, Mac App Store ilipofunguliwa, waliacha kuuza kwenye tovuti yao na kuhamia huko kabisa, bei ikishuka kutoka dola 59 hadi 29.99. Walitangaza kuingiza dola milioni 1 ndani ya siku 20. Lakini leseni za zamani hazikuweza kuhamishwa, kwa hiyo wateja waliotaka kufuatana nao waliombwa wanunue tena toleo la 1.6 dukani, kwa ahadi kwamba la 2.0 lingekuwa bure kwao. Ukuta huo bado upo. Kanuni ya 3.1.1 ya Apple hairuhusu programu ya dukani kufunguliwa kwa namba ya leseni. Namba za ofa (promo codes) za kumpa mtu programu bure ni 100 tu kwa kila toleo, na huisha baada ya wiki nne. Ukiwa na wateja 3,000, hizo hazitoshi hata kuanzia.

Kwa hiyo toleo la Mac la kwenye tovuti lisife. Lisaini kwa Developer ID (cheti cha Apple kwa programu za nje ya duka) na ulipitishe kwenye uthibitisho wa Apple (notarization). Ada ileile ya dola 99 inatosha. Litoke siku moja na la dukani, likiwa na namba ileile ya toleo. Seva ya leseni iendelee kuwaka. Ukishindwa kuihudumia, toa toleo la mwisho lisiloiuliza seva chochote, mapema, kabla ya kuizima. Mtu alinunua programu, hakukodi.

Steam ndiyo yenye mlango mpana hapa. Unaomba funguo za Steam bila malipo, Valve, wenye Steam, hawakati kitu, na unamtumia kila mwenye leseni ufunguo wake. Hakikisha leseni moja inapata ufunguo mmoja, na uutume kwa barua pepe iliyonunulia, si kwa yeyote atakayeuliza kwenye mitandao. Sharti lao ni kwamba usiwape wanunuzi wa nje bei nzuri kuliko unayowapa wa Steam. Microsoft nao hutoa namba za kupakua bure, hadi matumizi 1,600 kwa programu ndani ya miezi sita, hivyo orodha ndefu igawe kwa mafungu.

Kuhusu matoleo makubwa ya baadaye: maduka haya hayana ile bei ya kupandia ya nusu kwa mwenye toleo la zamani uliyoizoea. Wengine hutoa toleo jipya kama programu nyingine kabisa. Wengine hufanya programu iwe ya bure kupakua na kuuza kifunguo ndani yake. Ukifuata njia ya pili kwenye Mac, soma originalAppVersion ya AppTransaction (rekodi ya Apple ya toleo alilolipata mteja mwanzo) ili aliyenunua kabla ya mabadiliko afunguliwe bila kudaiwa. Angalia: kwenye Mac thamani hiyo ni CFBundleShortVersionString (namba ya toleo anayoiona mtumiaji), kwenye iPad ni CFBundleVersion (namba ya ndani ya build), na kwenye mazingira ya majaribio daima husoma 1.0. Ukilinganisha kitu kisicho sahihi, siku ya kutoa toleo waliokulipa wote wanafungiwa nje. Njia hiyohiyo inakupa na kipindi cha majaribio, ambacho programu ya kulipia ya Mac App Store haina: weka bidhaa ya ndani ya bei sifuri, uipe jina linalotaja idadi ya siku za majaribio, na useme wazi nini kitafungwa siku hizo zikiisha.

Kama kuna msimbo wa watu wengine wa GPL ndani (leseni huria inayodai kazi inayotokana nayo itolewe kwa masharti yaleyale), simama kwanza. VLC, kicheza video, iliondolewa kwenye duka la iOS Januari 2011 kwa sababu masharti ya duka yaligongana na leseni hiyo. Injini ya brashi ya libmypaint ni ya leseni ya ISC, yenye masharti mepesi, haina shida. Msimbo uliochotwa Krita, programu huria ya kuchora, ni wa GPL. Krita wenyewe wanauza kwenye Steam na Microsoft Store programu ambayo ni ya bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo si kwamba GPL inazuia kuuza. Kinachogombana nayo ni masharti ya Apple.

Mpangilio wangu ungekuwa hivi: anza na Steam, maana wateja wa zamani wanahamishika na msimbo haubadiliki sana. Lipa ile dola 100 mapema, kwa kuwa lazima zipite siku 30 kabla ya kuachia, na ukurasa wa “inakuja” uonekane angalau wiki mbili. Microsoft ifuate, brashi zikishahamia Documents. Mac App Store iwe ya mwisho, kuhifadhi na orodha ya karibuni vikishajaribiwa. Kabla ya kuwasilisha, jua kwamba ukiuza Umoja wa Ulaya kama mfanyabiashara, Apple huonyesha anwani, simu na barua pepe yako hadharani, hivyo tafuta sanduku la posta na laini ya kazi. Na kwa kuwa maduka hayakupi barua pepe za wanunuzi, nakili orodha yako ya sasa mahali salama leo, kisha weka ndani ya programu sehemu ya hiari ya kujiandikisha kwa taarifa. Bila hiyo, hitilafu ya kuhifadhi ikitokea hutakuwa na njia ya kumwambia mteja asisasishe.