Kabla hujamtembeza mgeni Beit al-Sahel

Vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe, nataka kusema nanyi juu ya Beit al-Sahel, kasri la masultani wa Zanzibar, kwa sababu ndipo nilipokosea zaidi nilipokuwa mpya kazini kama nyinyi. Nilikuwa nikiusimulia usultani wa Zanzibar kana kwamba ni ufalme wa Uingereza: baba akifa, mtoto mkubwa anakalia kiti. Siku moja bibi mmoja mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mbona baada ya Majid katawala Barghash, nduguye? Mtoto wake Majid yuko wapi?" Sikuwa na jawabu, nikabuni. Aliniamini, akaondoka na uongo wangu. Jambo lile linanichoma hadi leo.

Kwa Wabusaidi, ukoo wa masultani hao, kiti hakikuwa haki ya mzaliwa wa kwanza. Kilikwenda kwa aliyekubaliwa na wakubwa wa ukoo na mwenye nguvu za kukishika. Basi mwana wa sultani alikua hajui mwisho wake: huenda atatawala, huenda atamtii nduguye, huenda atafukuzwa nchi. Mkilishika hilo, mambo mengine yote ya kasri yatajieleza.

Anzeni na Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, baba yao Majid na Barghash. Alimwandaa mwanawe Khalid amrithi huku Zanzibar, lakini Khalid akafa 1854, baba yu hai. Nafasi ikaenda kwa Majid, na Oman akabaki mwanawe mwingine, Thuwaini. Oktoba 1856 Said mwenyewe akafia baharini akirejea Zanzibar, na Barghash yumo humo chomboni. Barghash akaishusha maiti usiku, akamzika baba yake kimya kimya, akajaribu kuishika ngome. Askari hawakumkubali.

Mwaka 1859 akajaribu tena. Mkifika chumba cha Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, simameni hapo muieleze habari hii, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia kaka yake barua za njama, naye ni binti wa miaka kama kumi na tano tu. Nyumba ya Barghash ikazingirwa. Akatoka amejifunika nguo za kike, katikati ya dada zake. Njama ikashindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alipofariki 1870 aliacha binti, hakuacha mtoto wa kiume. Kiti kikamfikia yule yule aliyekuwa mwasi. Hilo ndilo jawabu nililopaswa kumpa yule bibi.

Hapa msiwe na haraka ya kukimbilia Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Mpeni mgeni nafasi amfikirie mtoto wa sultani anayekaa ugenini, katika mji mkubwa wa bandari, hana amri juu ya mtu. Mimi naamini Bombay ndiyo iliyomsomesha. Alipotawala alileta maji safi mjini kwa mabomba, akajenga hamamu, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib yenyewe. Lakini semeni pia, bila kupepesa macho, kwamba utajiri wa nyumba hii ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zile zililimwa na kuchumwa na watumwa. Mgeni asipoyasikia kwenu, atayasikia kwa mwingine, na ataacha kuyaamini yote mliyomwambia.

Kuna habari ya 1896 ambayo watembezaji wengi huifanya kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani. Nawaomba msifanye hivyo. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na sultani mpya hakuweza kukaa bila ridhaa ya balozi wao. Agosti 25 sultani Seyyid Hamad alipofariki, Khalid bin Barghash aliingia kasrini, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiamini kiti cha baba yake ni chake. Siku mbili baadaye manowari zikafyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja. Upande wake watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Jengo mnaloingia leo lilijengwa upya baada ya mizinga ile; ardhi mnayoikanyaga ndiyo waliyofia.

Waliofuata wapitieni upesi. Ali bin Hamoud alisomeshwa Harrow, Uingereza, akawa sultani 1902 na kujiuzulu 1911. Khalifa bin Harub, shemeji yake, mzaliwa wa Muscat, akatawala mpaka 1960. Jamshid alikaa miezi michache tu, Julai 1963 hadi mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Makaburini pelekeni wageni mwisho, na mpunguze sauti. Said yupo pale, na Barghash. Wakiuliza kaburi la yule Khalid wa 1896, waambieni halipo: alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916 na kumpeleka visiwani mbali, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.