Mdogo wako hajapona, amepanda

Mleta uzi, pole sana. Umesema mdogo wako wa kike alijifungia ndani miezi, akapewa dawa za sonona, na sasa kachangamka ghafla: halali, anaongea bila kituo, anataka kukopa alipie fremu Mwanjelwa. Mama anashukuru Mungu kwamba kapona, shangazi anasema karogwa. Mimi nimeolewa na mtu mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu mno kisha kumshusha kwenye sonona; tuko Mafinga. Huyo mpelekeni hospitali leo leo. Hapo Mbeya mna Rufaa ya Kanda, hamna haja ya kuanzia Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma.

Dawa za sonona zikitumika peke yake kwa mwenye bipola zinaweza kumrusha upande wa pili. Na daktari atajuaje? Mgonjwa huenda kliniki akiwa chini. Nani anakwenda kulalamika kwamba ana raha na nguvu nyingi? Ndugu ndio wa kueleza zile wiki za juu: lini aliacha kulala, hela alizitumiaje, kama iliwahi kutokea huko nyuma. Vidonge msimkatishe wenyewe, daktari aamue.

Mume wangu anauza mbao. Akianza kupanda, siku za mwanzo utampenda: saa tisa usiku yuko macho, anapanga mzigo wa Dar, anachekesha kila mtu. Halafu anatoa advansi kwa mashamba ya miti ambayo hata hajayaona, na ukimzuia wewe ndiye adui. Watu husubiri mtu avue nguo barabarani ndipo waseme anaumwa. Mimi naangalia usingizi tu. Akilala kidogo mno usiku mbili mfululizo na hachoki, nampigia daktari. Vitabuni mania, yaani huko kupanda kukali, ni wiki nzima, ile nyepesi siku nne, sonona wiki mbili. Nyumbani usingoje hesabu itimie.

Chini ndiko kurefu. Haogi, uji unapoa mezani, wakwe wanasema mvivu. Akitamka kwamba heri afe, muulizeni waziwazi, asiachwe peke yake, mumpeleke hospitali, na dawa za kuulia wadudu wa shambani zitoke nyumbani.

Mume wangu anatumia lithiamu, dawa ambayo John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Imemshika vizuri, ila ina masharti. Damu hupimwa kuona kiwango chake, pamoja na figo na tezi ya shingo. Akiharisha au kutapika kiwango kinaweza kupanda. Mkiona anatetemeka sana au anayumba, mkimbizeni hospitali. Mgongo ukimuuma, ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa hagusi bila kuuliza. Wa kwenu ni binti, kwa hiyo wakitaja valproeti, dawa nyingine ya bipola, ulizeni habari ya mimba, maana huharibu mtoto tumboni. Ulanzi, pombe ya mianzi, tumeupiga marufuku nyumbani, na msimu wake huku ni vita kweli.

Maombi aombewe, hata mimi naomba. Mganga akisema aache vidonge, mkatalieni.

Hela mtapanga akishatulia. Sisi tulikubaliana akiwa mzima kwamba mkopo wowote unasubiri wiki mbili na sahihi yangu. Kwa sasa nenda Mwanjelwa, ongea na mwenye fremu asipokee kodi ya mdogo wako.