Wasaidizi wapya, punguzeni mdomo

Masika yakimalizika na hoteli za Zanzibar zikifungua, na nyinyi mnarudi: msaidizi mpya wa kazi, yule anayemfundisha mwenye ulemavu kazi hadi aiweze peke yake, yuko chumba cha kufulia, bega kwa bega na kijana mwenye usonji, anahubiri. "Chukua taulo. Likunje. Tena. Weka pale. Haya, jengine." Mapenzi mnayo, hilo halina ubishi. Ila vijana kazi mnawaharibia, na kila msimu ni kosa lile lile.

1. Mdomo. Anayeambiwa kila hatua hajifunzi kukunja taulo, anajifunza kusubiri sauti yako. Kwake sauti hiyo ni sehemu ya kazi, sawa na kutia sabuni. Wiki mbili mambo yanakwenda, unawaambia wazee wake kijana ameiva, unaondoka. Asubuhi yake amesimama, taulo mkononi. Msimamizi akipita mara ya kwanza anatazama, mara ya pili anaandika "hawezi". Mikono inaweza, aliyeondoka ni wewe, na wewe hoteli haikukuajiri.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ifanye kazi hiyo mwenyewe, uandike kila mkono unapokwenda. Taulo la kuogea: litandaze, tazama doa, lenye doa kapu jekundu, lisilo na doa kunja kwa urefu, pindo kwa pindo, kunja tena, kunja mapande matatu, weka rafuni, mkunjo mbele, yakifika kumi anza fungu jengine. Piga picha kila hatua pale pale, kwa mataulo yale yale, uzifunike plastiki (mvuke haubakishi karatasi), ubandike usawa wa macho yake. Kisha simama nyuma yake, si ubavuni. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Bado? Onyesha kwa kidole picha, si taulo. Maneno yawe ya mwisho kabisa. Akienda sawa, sogea hadi ncha ya meza, siku nyengine mlangoni, kisha nje.

Na hatua anayoikosea kila siku, aghalabu kosa ni la aliyeiandika. Kijana mmoja alikuwa akitupa nusu ya mataulo kwenye kapu jekundu, wakamwita mkaidi. Hakuna aliyemwambia kuwa uzi uliochomoza si doa. Picha mbili, hili doa na hili si doa, zikamaliza ugomvi. Pemba ni hayo hayo kwenye karafuu: "chambua vizuri" si maelezo, muwekeeni karafuu na konyo (kijiti chake) kando kando.

2. Intavyuu iombeeni iwe siku ya majaribio.

3. Maamkizi. Salamu zetu ni ndefu kuliko kikao. Akiulizwa "habari za nyumbani?" ataeleza bomba lilipopasukia. Mfundisheni "njema" na "salama", na msimamizi aambiwe mapema kwamba kutomtazama usoni si utovu wa adabu.

4. Rota, yaani ratiba ya zamu, inasema 7:00, msimamizi anatamka saa moja. Chagueni hesabu moja, iandikwe hivyo kila pahala.

5. Ramadhani saa za kazi hubadilika. Mpeni ratiba mpya wiki moja kabla. Mtihani ni Idi, maana inategemea mwezi kuandama. Tayarisheni karatasi mbili, moja ya mwezi ukiandama, moja ya kukamilisha thelathini, na ajue nani atampigia simu usiku ule. Kumwambia "tutaona" ni kumnyima usingizi.

6. Makaratasi: kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya sheha (kiongozi wa mtaa), mkataba, ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar). Mwajiri akisema "tutampa posho tu", mkumbusheni kuwa Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 27 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina lake. Hapo mtavutana na mama, naye ndiye aliyemlea miaka yote bila ya nyinyi, basi taratibu. Anzeni na bahasha ya kila siku: nauli ya kwenda, ya kurudi, na moja ya akiba siku daladala ikikatisha safari. Kadi ya benki ashike yeye, mama aonyeshwe risiti.